Karatasi ya Kumgeuza Mzee Luhende

Vijana mliovaa fulana mpya za uhudumu wa afya, mwalimu wenu alikuja nyumbani kwangu hapa Usagara, akakaa, akala viazi vitamu vikubwa vitatu, kila kimoja kama mguu wa mtoto, kisha akaniomba niwaandikie habari za kazini. "Yale yanayochekesha, mzee, ili wasiogope." Nikamwambia yanayochekesha ninayo, yanajaza gunia la mkaa na lumbesa juu. Lakini gunia la mkaa lina vumbi chini, na vumbi ndilo linaloingia machoni. Nimekubali kuandika. Mwalimu akiona vumbi limezidi, akate mwenyewe.

Mimi ni Mabula. Kuanzia Buhongwa hadi kwenye maji hakuna anayenitaja bila kutanguliza "Dokta", na sikuwa daktari hata wa kuku. Nilikuwa mhudumu wa afya ya jamii: mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kupima presha, kufunga vidonda, kuwaonyesha ndugu namna ya kumlea mgonjwa aliyerudishwa nyumbani, na kumkimbiza hospitali anayezidiwa. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na watoto wanne, kwenye madarasa ya jioni, dawati moja na muuza dagaa ambaye akifungua daftari darasa zima linajua. Mwalimu wa biolojia alikuwa akisinzia katikati ya moyo. Chumba cha kushoto alikifundisha macho wazi, cha kulia alikifundisha amelala, na mpaka leo upande wa kulia wa moyo siuamini sana. Cheti kilipotoka nilikitengenezea fremu ya mninga kubwa kuliko dirisha la sebule. Mke wangu akasema sasa nyumba imepata ukuta wa tano.

Usafiri tuliopewa ulikuwa pikipiki ya matairi matatu yenye kitanda cha chuma nyuma. Kelele zake zilikuwa zikisikika Sengerema, ng'ambo ya maji, na watu wa huko wakajua tumeanza safari. Mgonjwa aliyezimia alizinduka kwenye tuta la pili, na hiyo peke yake ilikuwa nusu ya tiba yetu.

Siku moja nilimkuta mwanamume amelala pembeni ya njia panda, miguu imepinda vibaya, lori limetoka kupita. Nikajua kagongwa. Nikamfunga mbao miguu yote miwili, kuanzia kwenye nyonga hadi kwenye vidole, kazi safi, mafundi seremala wa njia panda wakaja kuisifu. Alipozinduka akajaribu kukunja magoti, yakakataa. Akaanza kulia akimwita mama yake marehemu aje amchukue. Kumbe alikuwa amelewa tu, miguu ndivyo ilivyozaliwa.

Sista Veneranda aliponisikiliza hakucheka. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, muuguzi wa zahanati yetu, mfupi wa kupita chini ya meza, sauti ya ng'ombe dume.

"Ulimnusa?" akaniuliza.

"Hapana, Sista."

"Mabula, pua ni kifaa cha kazi. Haihitaji betri."

Alinifundisha kwa mikono, si kwa ubao. Mgonjwa asiyejiweza, aliniambia, hauawi na kiharusi, anauawa na kitanda. Mfupa unabana nyama kwenye godoro, nyama inakosa damu, inakufa ikiwa bado iko kwenye mtu aliye hai. Kwa hiyo ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kunja goti la upande wa mbali. Mkono wake uvuke kifua. Shika bega na nyonga, umvute aje kwako, usimsukume aende mbali nawe. Anayesukumwa anaogopa na kujikaza, anayevutwa anaegemea. Glovu ijaze maji, ifunge kama puto, iweke chini ya kisigino. Mto wa nguo kuukuu katikati ya magoti. Hayo yote mtayakuta kwenye vitabu vyenu na picha za rangi. Hili la mwisho sijui kama lipo:

"Ukiingia kwa mgonjwa usianze na uso. Uso una adabu, Mabula. Utakuambia sijambo hata roho ikiwa mlangoni. Anza na mgongo. Mgongo hauna adabu, unasema."

Nimelirudia neno hilo mbele ya wanafunzi mara nyingi, nikiigiza na sauti, watu wakicheka mpaka wanashika mbavu. Sijawahi kuwaeleza ni lini nilishindwa kulifuata.

Kuna habari za kivuko pia, mtasimuliwa na wengine. Foleni ya magari imeshuka mpaka barabarani, mama ana uchungu kwenye kitanda chetu cha chuma, na wenye malori ya ng'ombe wanavua maturubai yao wenyewe yawe pazia. Watoto niliowapokea kwenye foleni ile, nikisema thelathini mnipunguzie, nikisema kumi mniongeze. Mama mmoja hakuwahi. Tulikuwa tunakiona kivuko kinakuja, tunahesabu magari yaliyo mbele yetu, yamebaki manne, akatutoka. Siku hizi kuna daraja, mnavuka kabla hamjamaliza kumsalimia mgonjwa. Nilipolipita mara ya kwanza nililia, na mke wangu akadhani ni furaha.

Sasa Mzee Luhende.

Alikuwa mfugaji, nyumbani kwake ni mwendo wa nusu saa kutoka njia panda kuelekea ghuba. Mtu wa masihara. Kabla hajaugua, kila nikipita alinisimamisha, tukisalimiana "Mwangaluka" ndefu za Kisukuma, za kuulizana mpaka afya ya mbwa, kisha aseme, "Dokta, yule ndama wangu ana kikohozi. Au unatibu watu tu?" Halafu kiharusi kikampiga. Upande wa kushoto wote ukafa, mdomo ukaenda pembeni, akili ikabaki nzima. Hospitali walimshikilia siku kadhaa, wakamruhusu, na kwenye karatasi ya ruhusa wakaandika kwamba ageuzwe kila baada ya saa mbili, mhudumu wa jamii afuatilie. Mhudumu mwenyewe ndiye mimi.

Mke wa mzee alishafariki. Mtoto wake mkubwa, Shija, alikuwa na duka la vipuri Buhongwa, akija nyumbani Jumapili. Mdogo wake mzee, Kwilasa, alikaa jirani. Yeye alimwosha kaka yake asubuhi, akaenda shambani, akarudi jioni kumwosha tena. Aliyekuwepo nyumbani kutwa nzima ni mmoja tu, Minza, mke wa Shija, binti wa Sengerema, mpole, mwenye mikono mirefu ya kazi.

Niliwakusanya uani siku ya Jumapili, wote watatu na jirani mmoja wa kike. Nikatandika mkeka, nikalala mimi mwenyewe niwe mgonjwa, nikalegeza upande wa kushoto na kupindisha mdomo mpaka Kwilasa akaniambia niache, naita mkosi. Wakafanya mmoja mmoja. Kwilasa alinigeuza kama gogo. Shija aliogopa kunishika. Minza alimgeuza yule jirani, mwanamke mnene kunizidi mimi, na mwalimu wenu ameniona nilivyo. Alimgeuza taratibu, goti, mkono, bega, nyonga, hadi yule mama akasema, "Mwache anigeuze tena, nilale kabisa." Tukacheka. Nikawaza, mzee huyu amepona.

Nikachora karatasi. Mistari ya siku, mistari ya saa. Nikamkabidhi Minza pamoja na kalamu.

"Kila saa mbili, mama. Ukishamaliza, weka tiki hapa. Umeelewa?"

Alikuwa amepiga magoti, macho chini. "Ndiyo, baba."

"Una swali?"

"Hapana, baba."

Na nyinyi Wasukuma mliomo darasani mmeshajua nilipoharibu. Wengine niwaeleze. Kwetu mkamwana hamgusi baba mkwe. Haingii chumba anacholala. Akimpelekea chakula anakiweka kizingitini, anapiga magoti, anarudi nyuma. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo haina likizo ya ugonjwa. Mimi ni Msukuma wa kuzaliwa. Mama mkwe wangu nikimwona anakuja njiani naacha njia, naingia kwenye mihogo ya watu nasimama humo hadi apite, na siku moja nilisimama kwenye siafu. Najua mila hii kwa miguu yangu yote miwili. Lakini nikishavaa ile fulana na kubeba lile begi, nilikuwa namshika yeyote, bibi wa watu, mke wa mtu, mkwe wa mtu, na kila mtu ananiambia asante Dokta. Nikasahau kwamba fulana nimevaa mimi, Minza hakuvaa.

Wala hakuna aliyesema pale uani. Shija hakusema, Kwilasa hakusema. Kumkatalia Dokta mbele ya watu, tena kwa jambo la chumbani kwa mzee, nani aanze? Niliuliza kama wameelewa. Wote walielewa.

Wiki ileile kipindupindu kikaingia kwenye kambi ya wavuvi ufukweni, tukahamishiwa huko wote. Wiki tatu. Ndoo, klorini, dripu zikining'inia kwenye nguzo za kukaushia dagaa. Sitaki kuyasimulia hayo. Niliporudi nilikuwa nimekonda mpaka mkanda ukanizunguka mara mbili, na hapo sitii chumvi sana.

Nikaenda kwa Mzee Luhende. Minza akanipokea kwa magoti, "Shikamoo, baba," akaniletea karatasi kabla sijaiuliza. Vijana, ile karatasi. Siku ishirini na moja, na kila kisanduku kina tiki. Tiki za mstari ulionyooka, zote saizi moja, kama zimepandwa kwa kamba. Alikuwa ameongeza na karatasi ya daftari, akaichora mistari kwa rula, maana yangu ilijaa. Nimefanya kazi miaka mingi na sijawahi kuona familia iliyojaza hata nusu.

Nikaingia kwa mzee. Alikuwa amelala chali, shati safi, shuka limevutwa vizuri hadi kifuani.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka, Dokta. Umekuwa mwembamba. Kwani mnapika nini huko ufukweni?"

"Mgongo vipi?"

"Mgongo ni wangu. Wewe tazama karatasi yako."

"Nikugeuze niutazame."

"Nimegeuka sasa hivi tu. Utanisumbua mara mbili kwa nini, mimi ni chapati?"

Nikacheka. Nikakaa kwenye kigoda, nikampima presha, ikawa nzuri, tukazungumza habari za mvua. Kulikuwa na harufu kidogo, nikajisemea ni haja ndogo, Kwilasa atamwosha jioni. Nilikuwa na ile karatasi mkononi. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa na haraka ya kwenda kuionyesha.

Kwenye kikao cha mwezi cha wahudumu nikaipitisha mkono kwa mkono. Msimamizi wetu akasimama nayo, akasema hii ndiyo huduma ya nyumbani, wakanipigia makofi, akabandika nakala ukutani kituoni karibu na ratiba ya chanjo, na karatasi zenyewe nikamrudishia Minza. Kwenye kile kishikwambi cha kazi, ambacho nanyi mmepewa, kuna mahali panauliza, "Je, familia imeelimishwa?" Nikabonyeza Ndiyo. Kishikwambi kikanijibu, "Hongera."

Siku ya nne baada ya kikao Kwilasa akanipigia simu. "Dokta, njoo. Kaka ana joto, anaweweseka. Na harufu imezidi."

Nilikwenda na dereva na kile kitanda chetu cha chuma. Safari hii nilianza na mgongo. Mimi mpiga chumvi, mmeshanijua tangu viazi vya mwalimu, kwa hiyo nisikilizeni vizuri: hapa siongezi kitu. Kidonda kilikuwa chini ya kiuno, upana wa kisahani cha chai. Kingo zake nyeusi. Katikati niliona mfupa. Kwilasa alisema kila alipomwosha mzee alimkataza kushuka chini ya mkanda, akasema hapo atajifuta mwenyewe kwa mkono mzima, na yeye akaona ni haki ya kaka yake.

Dereva akachukua bega, Kwilasa katikati. Tulikosa mtu wa miguuni. Minza alikuwa amesimama nje ya mlango.

"Shika miguu, mama, twende," nikamwambia.

Hakusogea. Alikuwa amefunga mikono ndani ya kitenge chake, anaitazama ile miguu ya mzee, machozi yanashuka bila sauti.

"Mama, miguu."

Mzee akafumbua macho. "Mwache mtoto wa watu," akasema.

Nikaliachia begi, nikashika miguu mwenyewe. Na hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimeshika miguu ya Mzee Luhende, mmoja mzito kama mti na mwingine unatetemeka.

Nilipanda nyuma, nikakaa naye, nimemlaza ubavu. Minza alifuata kwa bodaboda, mbali kidogo, kwa adabu yake. Njiani nikamwinamia mzee.

"Nani alikuwa anakugeuza mchana?"

Tukapita matuta mawili. Kisha akasema, maneno yakiburuta, "Alikuwa anakuja mlangoni. Kila saa yake ikifika, hakosi. Anapiga magoti, anasema, 'Baba, saa ya kugeuka imefika.' Nami namjibu, 'Nimeshageuka, mama.' Anasema, 'Asante, baba.' Anaenda."

"Nawe ulikuwa umegeuka?"

"Kwa lipi? Nusu yangu imekufa."

"Mzee, kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza."

"Ningekuambia, ungemlazimisha. Wewe una maneno. Angeingia." Akapumzika. "Halafu tungetazamana vipi, mimi na yeye?"

Minza alikuwa na saa ya mkononi ya Shija, alikuja mlangoni kwa dakika ileile, akauliza, akajibiwa, akaweka tiki. Karatasi yake haikuwa na uongo hata mmoja. Alikuwa ameambiwa na baba mkwe kwamba amegeuka, na maneno ya baba mkwe hayachunguzwi.

Mzee Luhende alikufa wodini siku ya sita. Sumu ya kidonda iliingia kwenye damu. Siku ya nne aliniuliza kama kitanda cha hospitali kina ng'ombe chini, maana alisikia wanahema, na hayo ndiyo masihara yake ya mwisho, kama yalikuwa masihara.

Tukazika. Siku ya kuanua matanga, wazee wa ukoo wakakaa kikao chini ya turubai kabla watu hawajatawanyika. Nami nikaitwa. Msimamizi wangu alikuwa amekuja kuhani, amekaa safu ya mbele na kishikwambi chake magotini. Shangazi mmoja wa Shija alikuwa na karatasi za Minza mkononi, zote mbili.

"Alama zote hizi," akasema, akizipunga. "Zote hizi, na kaka yangu ameoza akiwa hai. Huyu binti alikuwa anachora maua?"

Minza alikuwa amepiga magoti pembeni, kichwa chini. Hakuna aliyemuuliza kitu, na asingejibu. Angesema nini mbele ya ukoo mzima? Kwamba baba mkwe alimwambia amegeuka? Amsingizie marehemu uongo, kaburi halijakauka?

Mzee wa ukoo akanigeukia mimi. Mtu mtulivu, fimbo katikati ya magoti.

"Dokta Mabula, wewe ulikuja hapa kufundisha."

"Ndiyo, mzee."

"Ulimfundisha huyu?"

"Nilimfundisha."

"Alielewa?"

Hapa, vijana. Nilikuwa na maneno. Mzee mwenyewe alisema nina maneno. Yalikuwa mafupi, yangetosha mdomoni: nilimfundisha mtu asiyeruhusiwa, kosa ni langu, na mgongo sikuutazama. Nilimwona msimamizi ananitazama. Niliiona ile nakala ukutani kituoni, na makofi, na fremu yangu ya mninga. Nikayameza.

"Alielewa," nikasema. "Kuliko wote."

Ulikuwa ukweli. Ndio ukweli mbaya kuliko wote niliowahi kuusema.

"Basi," akasema yule mzee, akagonga fimbo chini. Walipomaliza kikao wakaamua binti arudi kwao. Wiki haikuisha akaondoka. Nilisikia alivuka kurudi Sengerema na begi moja, na kwamba kabla ya kuvuka, alipofika njia panda hapa Usagara, alisimama kunisubiri aniage, akaambiwa niko kazini. Sikuwa kazini. Nilikuwa nyumbani, nimekaa chumbani.

Sista Veneranda alishafariki wakati huo, kwa hiyo hakukuwa na wa kunitukana. Nilijitukana mwenyewe miezi miwili, na mtu akijitukana mwenyewe hujionea huruma. Siku moja asubuhi nikapanda hadi Buhongwa, dukani kwa Shija. Alinipa kigoda, akamtuma mtu aniletee soda. Nikamweleza yote, kuanzia mkeka wa uani hadi maneno ya baba yake kwenye kitanda cha chuma. Sikujitetea hata sehemu moja. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze au anipige na springi ya lori, zilikuwa nyingi pale.

Alisikiliza huku anapangusa bearingi kwa kitambaa. Nilipomaliza akaendelea kupangusa.

"Nilijua, Dokta," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba mke wangu hawezi kumshika baba. Mimi ni mgeni wa nyumba yangu? Baba mdogo Kwilasa alijua. Shangazi alijua, yeye mwenyewe hajawahi kuingia chumba cha mkwe wake. Yule mzee wa fimbo alijua kuliko wote. Mle kwenye turubai hakukuwa na mtu asiyejua."

"Sasa mbona mlinyamaza?"

"Tuseme sisi?" Akaiweka ile bearingi kwenye rafu. "Mimi nikisema mke wangu hakuruhusiwa, wataniuliza, wewe uliyeruhusiwa ulikuwa wapi? Nilikuwa hapa, nauza fani belti. Jumapili nakwenda, nakaa na baba, naongea naye habari za soko, sijawahi kufunua shuka. Baba mdogo akisema, ataulizwa kwa nini alikubali kufichwa. Kila mmoja alikuwa na lake. Tulikuwa tunakungoja wewe."

"Mimi?"

"Wewe una cheti. Wewe si wa ukoo. Ungesema wewe, tungesema, alaa, kumbe, mtaalamu kasema. Mzee wa fimbo alikuuliza mara mbili, hukuona? Alikuwa anakupa njia. Ungesema neno moja tu, Minza angekuwa nyumbani anapika."

Nikamwambia basi niende sasa. Niwaite wazee, niseme mbele yao, hata leo.

Akanitazama kwa upole, na ule upole ndio ulioniua.

"Ameshaondoka, Dokta. Kwao wameshapokea maneno, kwetu wameshanitafutia mwingine. Siku ile ingekuwa ushahidi. Leo ni umbea."

Akaja mteja kuulizia plagi ya pikipiki. Shija akainuka kumtafutia, wakabishana kidogo kama ni ya asili au ya kichina. Nilibaki kwenye kigoda mpaka mteja akaondoka, nikidhani kuna neno limebaki, lake au langu. Halikuwepo. Nikamshukuru kwa soda, nikaaga.